Mikro ya Gitaa na Shaba ya Nchi Yetu

Safari hii twataka kusema juu ya kitu kidogo kinacholeta maneno mengi katika kwaya zetu na katika nyumba za vijana. Kitu hicho ni mikro ya gitaa la umeme, yaani kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi, ambacho wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam hukiita pikapu. Gitaa likianza kukoroma, au sauti yake ikififia, mpigaji husema mara moja: “Mikro imekufa, tununue nyingine.” Ndipo mchango hupitishwa, wazazi hutoa, na fedha hupelekwa Lubumbashi au hutumwa ng’ambo. Mikro mpya hufika, hufungwa kwa furaha. Na siku ya kuimba, gitaa lakoroma vilevile.

Jambo hili si la mchezo. Fedha za kwaya ni fedha za akina mama wanaokaa sokoni tangu asubuhi, na za akina baba wanaorudi kutoka machimboni wamechoka. Mwenye kuzitumia bila kufikiri amewakosea watu hao, hata kama nia yake ilikuwa njema. Basi na tutazame pamoja mikro ni kitu gani, tutajuaje kama imekufa kweli, na kama yapasa kununua nyingine, tuichague namna gani.

Mikro ni nini?

Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Hayo ndiyo yote. Lakini waya huo si kama ule wa nyumbani. Unene wake ni kama wa unywele, yapata sehemu 6 za mia ya milimeta, nao umepakwa vanishi nyembamba ili mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Katika mikro moja ya kawaida waya huzungushwa mara 8,000 hivi. Ukiukunjua wote na kuulaza barabarani, utafika kilomita 1 na zaidi. Ukiuweka juu ya mizani, uzito wake ni gramu 30 tu.

Mwaka 1831, huko London, bwana Michael Faraday alionyesha ya kuwa sumaku ikitikiswa karibu na koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Kazi ya mikro ni hiyo hiyo. Sumaku hukaa kimya, nayo huufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe kama sumaku ndogo. Uzi ukipigwa hutetemeka, na mtetemeko wake huamsha umeme mdogo sana katika koili. Umeme huo hupita katika waya hadi amplifaya, nayo huukuza mpaka spika iweze kuutoa kama sauti. Mnamo 1931, huko Los Angeles katika Marekani, bwana George Beauchamp alitengeneza mojawapo ya magitaa ya kwanza ya namna hii.

Katika maelezo haya twapata fundisho la kwanza. Mikro ya sumaku husikia chuma tu. Gitaa la nyuzi za nailoni halitasikika hata kidogo ukilifungia mikro kama hiyo, na nyuzi za shaba nyeupe au nyekundu zinazotumika katika magitaa yasiyo ya umeme husikika kwa unyonge. Mwenye gitaa la nailoni atafute mikro ya namna nyingine, ile inayobandikwa kwenye ubao au chini ya daraja na kusikia mtetemeko wenyewe.

Kwanza mpime mgonjwa

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Tulisikia habari za kwaya moja ambayo mpigaji wake kijana alimwendea mweka hazina akamwambia, “Papa, gitaa limekufa.” Yule mzee akamwuliza, “Mwanangu, limekufa au limelala?” Walipolifungua waliona ya kuwa waya mmoja mwembamba ulikuwa umeachana na jaki, mahali pale pa kuchomekea. Tone moja la risasi ya kulehemu lilitosha, na fedha zikabaki sandukuni.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu. Kwanza, badilisheni ule waya mrefu uendao kwenye amplifaya, kwa kuwa ndio unaokanyagwa na kuvutwa kila juma. Pili, jaribuni gitaa katika amplifaya nyingine. Tatu, badilisheni nyuzi kama ni kuukuu, maana nyuzi zenye kutu hutoa sauti iliyozimika, na lawama huangukia mikro bure. Nne, fungueni gitaa mwangalie jaki, vizungushio vya sauti, na kila mahali palipolehemiwa. Kizungushio kinachokwaruza kinapozungushwa kimejaa vumbi, na vumbi la Kolwezi wakati wa kiangazi mwalijua wenyewe.

Tano, pimeni urefu. Mikro hukaa juu ya skrubu mbili au tatu, nayo huweza kupandishwa na kushushwa. Ikiwa mbali na nyuzi, sauti huwa ndogo. Ikiwa karibu mno, sumaku huushika uzi na kuharibu sauti yake. Bonyeza uzi kwenye kituo cha mwisho cha shingo, kisha acha nafasi ya milimeta 2 au 3 kati ya uzi na mikro. Mara nyingi bisibisi peke yake hurudisha sauti iliyodhaniwa kuwa imepotea.

Sita, tumieni mita ya umeme, ile ya mafundi wa redio. Pimeni ukinzani wa koili, ambao huhesabiwa kwa omu. Mikro nzima ya koili moja huonyesha omu 5,000 hadi 8,000 hivi. Ya koili mbili huanzia 7,000, na zilizo kali hufika 16,000. Mita ikionyesha ya kuwa hakuna njia kabisa, waya umekatika ndani. Hapo ndipo mwaweza kusema kwa haki ya kuwa mikro imekufa.

Tena twaongeza onyo moja. Mpigaji akihisi vidole vyake vyawashwa au vyapigwa na umeme anapogusa nyuzi na kipaza sauti pamoja, aache kupiga mara ile. Hilo si kosa la mikro. Ni umeme wa jengo au wa amplifaya usio na waya wa ardhi, nao huua. Aitwe fundi wa umeme kabla ya wimbo kuendelea.

Koili moja au koili mbili?

Ikiwa mikro imekufa kweli, sasa chagueni. Kwa mpigaji wa kawaida, namna ni mbili.

Namna ya kwanza ni ya koili moja. Sauti yake ni safi, ya kung’aa, na kila noti husikika peke yake. Gitaa liitwalo Stratocaster, lililotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954, lina mikro 3 za namna hii. Kasoro yake ni moja: huvuma. Umeme wa nyumba zetu hugeuza mwendo wake mara 50 kwa kila sekunde kwenda na kurudi, na koili haiwezi kutofautisha umeme wa uzi na ule unaotoka katika taa ndefu za neli, au katika transfoma iliyo nyuma ya ukuta. Yote huisikia, na yote huipeleka kwenye spika.

Namna ya pili ni ya koili mbili. Mwaka 1955 bwana Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitafuta dawa ya mvumo huo. Aliweka koili mbili kando kwa kando, akazifanya zipokee umeme kwa pande zinazopingana, na sumaku zake pia akazigeuza. Mvumo unaotoka nje huingia katika koili zote mbili, lakini kwa kuwa zimepingana, mmoja huuondoa mwingine, kama watu wawili wenye nguvu sawa wavutao kamba. Sauti ya uzi, kwa sababu sumaku nazo zimegeuzwa, haiondoki bali hujumlika. Sauti hiyo ni nene na yenye nguvu zaidi, ila mng’aro wake hupungua kidogo.

Je, ipi itufae? Tazameni mahali mnapopigia. Umeme wa Kolwezi hutoka katika mabwawa ya Nzilo na Nseke ya mto Lualaba, yaliyojengwa katika miaka ya 1950, na tangu mwaka 1982 hufika pia kutoka Inga kwa njia yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Hata hivyo twajua ya kuwa hukatika, na jenereta huwashwa nyuma ya ukumbi. Kanisa au ukumbi wenye jenereta karibu, waya kuukuu, na taa za neli nyingi, wafaa mikro ya koili mbili, hasa ikiwa watu wanasali kimya kati ya wimbo na wimbo. Lakini mpigaji wa solo atakaye noti zake ziruke wazi juu ya ngoma na sauti za waimbaji, na ambaye umeme wake ni mzuri, ataipenda koili moja.

Tena ziko mikro za koili mbili zilizobanwa katika umbo la koili moja, ziweze kuingia katika tundu lile lile bila kuchonga ubao. Kwa kwaya nyingi njia hii ya katikati ni ya busara.

Msidanganywe na neno “kali”

Vijana wengi huuliza swali moja tu: “Ipi iliyo kali kuliko zote?” Twawajibu ya kuwa ukali si uzuri, kama vile pilipili nyingi si upishi. Mikro yenye waya mwingi sana huisukuma amplifaya mpaka sauti ikwaruze. Kwa wapigaji wa roki hiyo ndiyo shabaha yao. Kwa muziki wetu wa Kongo, ambamo gitaa la solo, la mi-solo na lile la kufuatisha husemezana, kila moja katika nafasi yake, ukali huo hufanya magitaa matatu yawe kelele moja. Tena namba ya omu peke yake haionyeshi nguvu, maana waya mwembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza sauti kwa kadiri ile ile.

Mkumbuke Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Mwaka 1952 bwana Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji tuuitao leo Likasi, akanasa nyimbo zake, na mojawapo, “Masanga,” ikajulikana katika nchi nyingi. Gitaa lake halikuwa na mikro wala waya. Alikuwa na kidole gumba, kidole cha shahada, na sikio lililozoezwa. Mikro huupeleka mbele ufundi uliopo. Usiokuwapo haiwezi kuuleta.

Sumaku na habari ya kobalti

Wauzaji watawauliza pia kama mwataka sumaku ya alniko au ya ferite. Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma; jina lake limeungwa kwa majina ya hizo tatu za kwanza. Katika aina itumikayo sana, iitwayo alniko 5, kobalti yapata karibu robo ya uzito wote, na shaba kidogo imo pia. Ferite haina kobalti. Hufanywa kwa kutu ya chuma iliyochanganywa na madini mengine na kuokwa kama chungu. Ni rahisi kwa bei, na nguvu yake ni nyingi. Wapigaji wengi husema ya kuwa alniko ina sauti laini, na ferite ina sauti ya ukavu.

Hapa historia ya mji wetu yaingia. Mwezi wa Mei 1978 vita viliingia Kolwezi. Watu wengi walikufa, Wakongo na wageni, na kazi ya machimbo ikavurugika. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka Katanga, bei yake ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi. Watengenezaji wa spika katika Marekani na Ulaya, waliokuwa wakitumia alniko, wengi wao wakaiacha wakahamia ferite. Hivyo machozi ya Kolwezi yaligeuza hata spika za wanamuziki ambao hawakujua mji wetu uko wapi.

Basi mikro ya ferite si ya uongo, wala si haramu. Ila msikubali kuiuziwa kwa bei ya alniko. Tazameni chini yake: mkiona kipande bapa cheusi au cha kijivu kilichogundishwa chini ya vijiti vya chuma, mara nyingi hiyo ni ferite.

Kabla ya kutoa fedha

Pimeni mambo manne. La kwanza ni ukubwa wa tundu katika ubao. La pili ni nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita, kwa sababu karibu na daraja nyuzi zimetawanyika kuliko karibu na shingo, na vijiti vya mikro yapasa vikae chini ya nyuzi. La tatu ni mahali inapokaa: mikro ya darajani hufanywa yenye nguvu zaidi, kwa kuwa pale uzi hutikisika kidogo. La nne ni vizungushio: kwa desturi koili moja hutumia vya omu 250,000, na koili mbili hutumia vya omu 500,000. Mkichanganya, sauti itakuwa ya kuchoma masikio au ya kuzibwa kama kwa blanketi, nanyi mtailaumu mikro.

Kisha linganisheni bei na gitaa lenyewe. Mikro za majina makubwa huweza kuuzwa kwa bei ipitayo ya gitaa zima la kawaida, na zile za bandia zenye majina hayo hayo ni nyingi sokoni. Gitaa lenye shingo iliyopinda halitaponywa na mikro yoyote. Mzazi mwenye ada ya shule ya kulipa asione haya kumwambia mwanawe, “Ngoja.” Mtoto mwema ataelewa, na gitaa litamngoja.

Thamani i wapi?

Twaomba msomaji atafakari jambo moja zaidi. Tulisema ya kuwa katika mikro mna gramu 30 za shaba. Thamani ya shaba hiyo, ikitoka tanurini, haifiki hata dola moja. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani yatoka Kongo, nyingi ikiwa ya Lualaba, na kobalti iliyomo katika sumaku ya mikro ni kidogo mno. Vitu hivyo vyaondoka kwetu kwa malori kuelekea Dar es Salaam na Durban, au kwa reli kuelekea Lobito, navyo hurudi katika kisanduku kizuri vikiuzwa makumi ya dola. Ni nini kilichoongezwa huko njiani? Ni kazi ya mikono na maarifa ya kichwa.

Na wala si maarifa ya kutisha. Mwaka 1956 mama mmoja, Abigail Ybarra, aliajiriwa katika kiwanda cha Fender huko California. Kazi yake ikawa kuzungusha waya wa mikro, akiuongoza kwa vidole vyake. Aliifanya kwa miaka zaidi ya 50, mpaka wapigaji wa nchi nyingi wakatafuta mikro zilizotoka mikononi mwake. Hakuwa na shahada ya uhandisi. Alikuwa na subira, usafi wa kazi, na vidole vilivyojifunza.

Katika miji yetu ya shaba wako mafundi wanaozungusha upya mota zilizoungua. Waya wa mikro ni mwembamba kuliko wao, lakini akili ya kazi ni moja. Kijana mwenye mashine ndogo ya kuzungusha, hesabu ya mizunguko, na nta ya kuizamisha koili ili isipige mluzi, aweza kuifufua mikro ambayo wengine wangeitupa. Waya wenyewe hununuliwa kwa uzito, wala haupatikani kwa kuchuna kebo za watu, jambo ambalo ni wizi na tena ni kazi bure, kwa maana waya wa kebo ni mnene mno.

Basi, viongozi wa kwaya, msizitupe mikro zilizokufa. Wapeni wanafunzi wa shule za ufundi wazifungue, wahesabu mizunguko, na wajaribu kuizungusha tena. Watakata waya mara nyingi kabla ya kufaulu, na hasara yake ni ndogo. Nanyi wapigaji, kabla ya kuomba mchango wowote, chukueni bisibisi na mita, mkaanze na ile jaki.